Sweta ya Damu ya Mzee

Baba alipokuja kuishi nami Nakuru, nilikuwa na kazi nyingi mkononi. Nasema kazi za kufuma, si za mshahara. Kwa riziki mimi hukaa mapokezi katika kliniki ya meno kule Milimani. Nawapokea watu walioshika mashavu, nawaketisha, nawaambia daktari anakuja. Kati ya mgonjwa mmoja na mwingine nafuma. Chini ya meza yangu huwa kuna kikapu, na wakati huo mlikuwa na boshori ya daktari wetu, ambaye upara wake hauivumilii baridi ya asubuhi, na shali ya mama mmoja wa kanisani aliyekuwa amefiwa, na blanketi jeupe la mtoto. Blanketi hilo lilikuwa la mjukuu wangu wa kwanza. Binti yangu, mtoto niliyemlea peke yangu, aliolewa Eldoret, na alikuwa mjamzito.

Kufuma nilifunzwa na mama. Yeye alifuma akitembea, akipiga gumzo, akichunga sufuria ya githeri isiungue. Alikuwa akisema mikono iliyoshika uzi haina nafasi ya kushika tama. Alifariki ghafla, presha, na baba akabaki peke yake Subukia na ng'ombe wake.

Baba alianza kusahau kwa majina ya ng'ombe. Alikuwa nao wachache, na kila mmoja alikuwa na jina alilompa siku ya kuzaliwa. Nilipomtembelea Jumapili moja nikamsikia akimwita mmoja kwa jina la mwingine, nikacheka, naye akacheka. Nikadhani ni uzee. Baadaye jirani yake wa Subukia akanipigia simu kwamba mzee amekama maziwa vizuri, halafu akayamwaga yote kwenye hori ya ng'ombe. Kisha akapiga tena. Safari hiyo sauti yake ilikuwa ya upole, ile sauti ya mtu anayechagua maneno.

"Dada, njoo umchukue mzee. Tumempata kwa stage ya matatu. Amevaa ile dastikoti yake ya zamani, koti la kazi. Anasema gari ya kiwanda imechelewa."

Baba alikuwa mtu wa kiwanda. Baba yake alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli, naye akazaliwa hapa Nakuru, na alipokuwa kijana aliajiriwa kiwanda cha blanketi, upande wa nyuzi. Kazi yake ilikuwa kusimamia mashine zilizoviringa uzi kabla haujaenda kufumwa. Kiwanda kilipopunguza watu, alinunua kile kishamba Subukia, na tangu hapo sikuwahi kumsikia akikitaja kiwanda kwa hamu. Lakini siku hiyo nilimkuta ameketi nje ya duka la hapo stage, dastikoti imefungwa vifungo vyote, mikono juu ya magoti, akisubiri kupelekwa kazini.

Nilimpigia kaka yangu. Tumezaliwa wawili tu, yeye ni mkubwa, na anaishi Nairobi. Aliniambia, "Mchukue kwanza. Mimi nitakuja tupange." Ng'ombe wakauzwa. Baba akaja kwangu na sanduku moja na redio.

Kuna jambo moja sharti nilieleze hapa. Mimi nimepewa jina la mama yake baba. Kwetu, baba hamwiti kwa jina mtoto aliyeitwa jina la mzazi wake. Inakuwa kama kukosa adabu. Kwa hivyo tangu nikiwa mdogo baba aliniita Mama. "Mama, kuja ule." "Mama, nani amekupiga?" Nilikua nikijua kwamba jina langu kinywani mwake ni Mama, na sikuwahi kuliona ni neno la ajabu.

Ugonjwa ulimletea baridi isiyoisha. Jua la Nakuru likiwaka hadi bati linalia, yeye alikuwa anajikunyata. Nikaamua kumfumia sweta. Nilimpeleka dukani achague rangi mwenyewe, akapita nyuzi zote akizigusa kwa kidole gumba, akasimama kwenye ile rangi nyekundu nzito tunayoiita damu ya mzee.

"Hii," akasema. "Hii haionyeshi uchafu."

Nilimpima akiwa amesimama wima kama askari. Kifua, mkono, urefu wa mgongo. Nikaanza siku hiyohiyo.

Mchana alikaa naye jirani yangu, muuguzi mstaafu, mjane, mama mwenye subira ambaye nyumba yake imepakana na yangu. Wao wawili walisikiliza redio na kubishana kuhusu mvua. Shida ilikuwa jioni. Saa kumi na moja ikikaribia, baba alibadilika. Alitafuta viatu. Alitafuta dastikoti. Alienda kwenye geti akalitikisa.

"Unaenda wapi, Baba?"

"Zamu yangu imefika."

"Kiwanda kilifungwa, Baba. Wewe ulishastaafu."

"Nani amekwambia? Wewe ni nani kwa ofisi?"

Nilijaribu kumweleza ukweli, akalia. Nilijaribu kumdanganya kwamba ni Jumapili, akaniuliza mbona hatukuenda kanisani. Nilijaribu kuimba. Jioni moja alinisukuma nikagonga ukuta, na mkono uliokuwa umeshika kufuli la geti ulikuwa ule ule uliokuwa ukinibeba begani tukitoka kwenye nyumba za wafanyakazi kwenda kununua mkate. Nilikaa sakafuni. Sikuwa nimeumia, lakini sikuweza kusimama.

Kilichotuokoa kilikuwa ajali. Siku nyingine nilikuwa nafuma kibarazani huku nikimchunga, donge la uzi likaniponyoka, likabingirika hadi miguuni pake pale getini, likamzunguka viatu. Nilijua hapo nitaumaliza mwaka nikiufungua. Baba akainama. Akauokota uzi, akautazama, akaguna kwa kero kabisa, kero ya mtu aliyekuta kazi ya mwenzake imeharibika. Akaketi juu ya ngazi. Vidole vyake, ambavyo siku hizo vilishindwa hata kufunga kifungo cha shati, vikaanza kutafuta ncha. Alifungua fundo moja baada ya jingine bila haraka. Kisha akaviringa, uzi ukipita kati ya vidole viwili vya mkono wa kushoto, akiubana kidogo, akilegeza kidogo, na donge likakua mkononi mwake likiwa duara kamili. Alipomaliza aliniletea.

"Mwambie msimamizi hii imekamilika."

"Nitamwambia."

"Haya. Basi nikule."

Akala, akalala.

Tangu siku hiyo nikajua la kufanya. Jioni nilimpa uzi uliochafuka. Ulipokwisha, nikaenda sokoni kwenye mitumba kununua masweta ya zamani, nikayafumua, nikampa uzi wake. Kufumua ni kazi ya haraka. Ukikata pale shingoni na kupata ncha ya kweli, sweta yote inakuja, mstari kwa mstari, na uzi wake unatoka umejikunja kama nywele zilizofumuliwa. Baba aliuviringa wote. Kama nilikosa kwenda sokoni, nilifumua vyangu. Boshori ya daktari ilienda. Shali ya yule mama wa kanisani ilienda ikiwa imebaki kidogo tu. Nilimpelekea matunda badala yake, na sikumweleza.

Halafu kukaja ile wiki ya mvua. Maji yalijaa barabarani, sikuweza kufika sokoni, na uzi wote ndani ya nyumba ulikuwa umeshaviringwa. Nilijaribu kumpa donge alilolimaliza jana. Alilipima kwa mkono akanirudishia. "Hii imekwisha. Usinichezee." Kisha akaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu, akisema watamfuta kazi na ana mke na watoto wawili wadogo, watakula nini. Mmoja wa watoto wale wawili ndiye aliyekuwa amepiga magoti mbele yake akimfuta uso.

Nikachukua lile blanketi jeupe. Lilikuwa limebaki pindo. Nilitafuta ncha, nikavuta. Baba aliacha kulia kabla sijamaliza mstari wa kwanza.

Nilimpigia binti yangu siku iliyofuata, kwa sababu alikuwa ameshaliona kwenye picha na kulisifu. Nilisikia anapumua.

"Mama," akasema, "huo ni uzi tu. Mtoto atafunikwa na ya duka." Halafu akauliza, "Babu alilala?"

"Alilala."

"Basi." Na hapo ndipo kilio kilipomshika, akanikatia simu.

Sweta ya baba ndiyo peke yake niliyoificha. Niliifumia kazini ili asiione. Lakini baba alikuwa anakonda, na kila nilipompima upya nilikuta vile vipimo vya kwanza ni vya mtu mwingine. Nikafumua mgongo, nikaupunguza. Nikaanza tena. Ijumaa moja niliirudisha nyumbani nipime bega, nikaisahau juu ya kiti kesho yake nikienda kazini. Niliporudi jioni, jirani alikuwa amesimama mlangoni akiwa ameshika kichwa.

"Nilisinzia kidogo tu, mama. Kidogo tu. Nisamehe."

Baba alikuwa kitandani. Kando yake madonge ya damu ya mzee yalikuwa yamepangwa kwa mstari ulionyooka, yote ya ukubwa mmoja. Hakuna hata mshono mmoja uliobaki. Alikuwa amechoka na uso wake uling'aa.

"Leo nimefanya ya watu wawili," akasema.

"Nimeona, Baba. Umefanya kazi nzuri."

Nilienda jikoni nikawasha jiko, nikasimama pale bila kuweka sufuria.

Kaka yangu alikuja baada ya miezi mingi. Alikuwa anatuma kila kitu tulichohitaji, hilo siwezi kumnyima, ila mwenyewe hakuwa anafika. Ni mtu mkubwa wa mwili, sauti nzito, na amezoea kusikilizwa. Aliingia akamkuta baba sebuleni amezungukwa na uzi, akanivuta kando.

"Hii ni nini? Unamfanya mzee kama mtoto wa nasari?"

"Inamtuliza."

"Baba alikuwa mtu wa heshima zake."

"Bado ni mtu wa heshima zake. Kaa naye uone."

Hakukaa. Alisimama pale mlangoni amekunja mikono. Ni baba aliyemwita.

"Wewe, kijana. Kuja hapa. Lete mikono."

Kaka akanitazama. Akaenda, akaketi kwenye kigoda mbele ya baba, na baba akamnyoosha mikono yote miwili kama anayempima mtu pingu, akamvika uzi uliokuwa umezungushwa kama taji kubwa, akaanza kuuviringa kutoka hapo. Ukitaka kuviringa vizuri, sharti mwenye kushika afuate mwendo, ainamishe mkono huu kisha ule. Kaka hakuwa anajua. Baba alimwelekeza kwa upole. "Kulia. Sasa kushoto. Ndio hivyo. Wewe ni mgeni hapa kiwandani?"

"Ndio, Mzee," kaka akasema.

"Utazoea. Una watoto?"

"Ninao watatu."

"Hiyo ni baraka. Mimi niko na kijana wangu. Mkubwa. Yuko Nairobi."

Kaka akainamia uzi mikononi mwake. "Anakujanga kukuona?"

Baba aliviringa kidogo kabla ya kujibu. "Kazi ni mingi. Nairobi si mchezo. Lakini huyo ni mtoto mzuri. Akipata nafasi atakuja." Kisha akamwangalia mikono. "Mbona unatetemeka? Baridi?"

"Ni baridi, Mzee."

"Vumilia. Tunakaribia kumaliza."

Kaka alivumilia. Uzi wote uliisha kutoka mikononi mwake, na hata ulipoisha alibaki ameinyoosha. Sikuwa nimemwona akilia tangu tulipokuwa watoto. Baba akamwekea donge kwenye kiganja, akamwambia aende akapumzike.

Baada ya hapo kaka alianza kuja. Hakuja na maneno mengi. Alivua koti, akaketi kwenye kigoda, akanyoosha mikono. Baba hakuwahi kumtambua. Kila mara alimwuliza kama ni mgeni kiwandani, na kila mara alimwambia habari za kijana wake wa Nairobi, mtoto mzuri, ambaye atakuja.

Mimi nilijifariji kwamba angalau mimi ananijua. Wengine wote walikuwa wamegeuka wageni, lakini mimi nilikuwa bado Mama. Asubuhi moja nilikuwa namvisha soksi. Akaweka mkono juu ya kichwa changu, kisha akauondoa haraka kama aliyekosa adabu.

"Mama," akasema kwa sauti nyembamba, "leo naomba nisiende shule. Mwalimu atanichapa."

Nilibaki na soksi mkononi. Sikuweza kukumbuka ni lini neno lile liliacha kuwa mimi. Labda wiki ile, labda tangu mvua. Pengine kwa miezi mingi alikuwa anamwita mwanamke aliyekufa kabla sijazaliwa, nami naitika.

Akasema tena, "Mama?"

"Usiende," nikamwambia. "Leo baki hapa na mimi. Hakuna mtu atakuchapa."

Akashukuru. Nikamvisha soksi ya pili.

Baadaye hata mikono ilisahau. Nilimwekea uzi mapajani, akautazama kwa adabu, kama mtu aliyepewa chakula asichokijua. Jioni hazikuwa na vurugu tena. Hakutafuta viatu wala geti. Ningetoa chochote anisukume tena hadi ukutani. Nilikaa kando yake nikifuma sweta ile upya, waziwazi sasa, hakuna wa kufichwa, nikamaliza mgongo, nikamaliza kifua, nikaunga mabega. Nilikuwa nimeanza mkono wa kwanza alipopata homa ya mapafu. Alifariki hospitalini mchana, kaka akiwa amemshika mguu mmoja juu ya blanketi na mimi nimemshika mkono.

Tulimrudisha Subukia kumzika kando ya mama. Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, alifika kutoka magharibi na kuchukua usukani wa msiba kama inavyopasa. Siku moja kabla ya mazishi alinikuta nyuma ya nyumba nimeshika sweta, na nikamwambia nataka baba aivae chini ya suti.

"Iko wapi mikono yake?"

"Sikuwahi kumaliza, Shangazi."

Alitikisa kichwa. "Ndugu yangu hakuwahi kuacha kazi nusu. Huwezi kumzika na kitu nusu. Imalize, ama uiweke."

"Mazishi ni kesho. Siwezi kumaliza mikono miwili."

Kaka alikuwa amesimama karibu, akawa ametusikia. Akasema, "Kwani lazima iwe na mikono? Mzee alikuwa anavaa zile za kata mikono, zile za kwendea kanisani Jumapili."

Ni kweli alikuwa akizivaa. Shangazi akafikiri, akakubali. Nikakaa pale pale kati ya akina mama waliokuwa wanamenya viazi vya msiba. Nilifumua ule mkono mfupi nilioanza, nikaokota vitanzi kuzunguka tundu la bega, nikafuma ukingo. Wale mama hawakuniuliza kitu. Mmoja alinisogezea kigoda, mwingine akanichukulia kisu changu cha kumenyea akamenya sehemu yangu. Kaka aliketi kwenye nyasi na suti yake ya Nairobi, akiushika uzi usiguse matope, akiuachilia kidogo kidogo kila nilipouvuta. Jua lilipokuwa linashuka nikafunga kitanzi cha mwisho. Shangazi aliichukua, akaipindua ndani nje, akakagua kila mshono kwa vidole vyake, kisha akaikunja.

"Sasa ni sweta," akasema.

Tulimvisha sisi watatu, na juu yake shati, tai, na koti. Haikuonekana hata kidogo. Watu walipopita kumtazama waliona suti tu. Binti yangu alikuja na mtoto, amemfunga kwa blanketi la buluu la dukani, akasimama nami kaburini hadi mwisho.

Nilirudi kazini Jumatatu iliyofuata. Saa kumi na moja ikikaribia, moyo ulianza kunidunda kama kawaida. Nikakusanya vitu vyangu, nikatoka mbio, nikapanda bodaboda ili nifike kabla hajaanza kutafuta viatu. Tulikuwa tumefika karibu na geti ndipo nilipokumbuka. Nikashuka. Nilipofungua, nilimkuta jirani yangu ameketi kibarazani, mkoba wake mapajani, kama alivyokuwa akikaa kungoja nimpokee zamu.

"Nilikuja asubuhi," akasema. "Nimekaa tu. Sikujua niende wapi."

Nilimfungulia mlango tukaingia. Nikachemsha chai. Tulikunywa bila kuwasha redio, na chai ilipokwisha, hakuna kati yetu aliyeinuka.